Nukta za Bi Karani

Bi Karani hakupenda mtu asimame nyuma ya kiti chake. Mteja akisogea kuchungulia kompyuta, alimuuliza bila kugeuka, "Na wewe umo humu ndani?" Mteja akisema hapana, aliambiwa, "Basi rudi upande wako wa kaunta. Huku kuna mashetani." Mteja alicheka. Bi Karani hakucheka, kwa sababu mashetani walikuwepo kweli, watatu wenye mikuki, na Dereva wake alikuwa amebakiza pumzi chache.

Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi hata naona haya kusema. Huo ndio ugonjwa wangu, na ndio uliozaa habari hii yote: siwezi kuacha kitu kikiwa na doa. Leo nimejikataza kufuta. Kitakachotoka na kitoke.

Duka lake lilikuwa steshenari ya chumba kimoja mjini Bagamoyo, si mbali na soko. Watu walikuja kutoa kopi za vyeti, kuchapisha barua za maombi ya kazi, kuvalisha vitambulisho vyao plastiki. Kabla ya hapo alikuwa karani mpiga chapa kwenye ofisi ya serikali, miaka mingi, tangu enzi za taipureta. Alipostaafu, jina la kazi likamfuata dukani. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bi Karani, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kwenye kona, kando ya mashine ya fotokopi, aliweka kompyuta ya kichogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa kama televisheni za mwanzo. Ofisini ilikuwa imeshahesabiwa kuwa takataka, akaiomba, akapewa. Ndani yake alikuta gemu. Hakuna aliyejua nani aliliweka.

Lilikuwa gemu la aina tunayoiita ya vigae. Dunia yake yote imepangwa kwa miraba midogo, kama sakafu iliyotandikwa vigae. Unaongoza kikosi cha watu wanne. Ukibonyeza mshale mara moja wanasogea kigae kimoja. Ukiacha, dunia nzima inasimama kukungoja. Chini ya mji wao kuna ghorofa kumi za kwenda chini, zenye kuta, milango, mashimo na mashetani, na hazina inayotafutwa iko ghorofa ya kumi. Gemu lenyewe halikupi ramani. Usipochora yako kwenye karatasi, unapotea na watu wako.

Bi Karani alichora. Kwa zaidi ya miaka kumi alichora kwa penseli kwenye daftari la hesabu, lile la vijumba, kijumba kimoja kwa kigae kimoja. Nilipomfahamu alikuwa ghorofa ya sita.

Gemu lilimtaka awape mashujaa wake wanne majina. Wengine tunaandika majina ya kutisha. Yeye aliandika Dereva, Mhasibu, Katibu na Mhudumu. Dereva alikuwa na upanga na alitangulia. Katibu alijua uchawi. Mhudumu aliponya wenzake. Mhasibu kazi yake ilikuwa kufungua makufuli, na alikuwa hana bahati.

"Mhasibu kafa!" Bi Karani alisema siku moja kwa sauti.

Kwenye kaunta alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, kaja kutoa kopi za mtihani. "Inna lillahi!" akashika kifua. "Mhasibu wa pale halmashauri? Jana tu nimesalimiana naye!"

"Wa kwangu mimi. Mara ya nne sasa. Hasikii, kila sanduku yeye ndiye wa kwanza kutia mkono."

"Na mazishi?"

"Hazikwi. Nampandisha juu mjini, kuna watu wanamfufua."

"Astaghfirullah, Bi Karani!"

"Wewe unadhani mimi napenda? Ndiye peke yake anayejua kufungua milango."

Mwalimu alitoka akiwa ameacha nusu ya mitihani yake kwenye mashine.

Niliingia dukani kwake mara ya kwanza nikitokea kwetu Zinga, nina flashi yenye kurasa za masomo ya kuandika programu. Chuo sikwenda. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mpaka leo sizitaji mbele za watu, nikaamua kujifundisha mwenyewe kwa kile nilichoweza kuokota mtandaoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaanza kuchapisha. Karatasi zilipokuwa zinatoka alizisoma. Ya tatu akaishika mkononi.

"Hapa pana herufi imeruka," akasema.

Kiingereza kile hakikuwa chake, wala somo lile hakulijua, lakini herufi ilikuwa imeruka kweli. Nilitoka pale nikiwa nimempenda kama mtu anavyopenda timu. Nilijiambia: kumbe wapo wengine kama mimi.

Tangu hapo nilipata ruhusa ya kukaa kwenye kompyuta yake ya pili saa ambazo wateja ni wachache, nami nikawa namfutia vumbi mashine na kumtengenezea pale penye kukwama. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita. Aliniita Mtaalamu, na alilitamka kwa namna ambayo hukujua kama ni heshima au dhihaka. Nilikuwa natengeneza gemu langu la vigae, la mji wa vichochoro kama wetu. Baada ya miaka miwili nilikuwa na chumba kimoja na mlango wake, na mlango wenyewe nilikuwa nimeupaka rangi upya mara zisizohesabika.

"Mtaalamu, mlango umefika wapi?"

"Bado rangi, Bi Karani. Kivuli hakijakaa sawa."

"Na watu wako wote wamesimama nje, jua kali hivi."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikataza mtu kula dukani, kisa makombo na mashine, na mwenyewe alikuwa na kashata kwenye droo ya wino. Akikaribia ngazi ya kushukia ghorofa mpya, alimwambia mteja bila aibu, "Mashine mbovu, mpaka saa kumi," na taa ya mashine inawaka hapo hapo. Sala haikumpita. Adhana ya adhuhuri ikisikika aliinuka hata kama vita imepamba moto, akawaambia mashetani, "Nyinyi tulieni hapo hapo, nakuja," na kweli aliwakuta.

Lakini lililonishangaza kuliko yote lilikuwa hili. Barua iliyotoka mkononi mwake haikuwa na kosa hata moja. Wazee waliofanya naye kazi walisimulia kwamba enzi za taipureta akikosea herufi moja chini kabisa ya ukurasa, alichomoa karatasi nzima akaanza upya. Na mimi aliwahi kunirudisha mara tano kwa barua moja ya maombi ya kazi, mara ya mwisho kwa nafasi iliyozidi baada ya mkato. Mtu huyo huyo, daftari lake la ramani lilikuwa chafu. Kuta zilichorwa, zikakatwa kwa mstari, zikachorwa tena kando. Mishale ilipishana. Nukta za penseli zilitapakaa kama vinyesi vya nzi, vijumba vingine vinazo, vingine havina, bila mpango ninaoujua. Kifutio hakuwa nacho kwenye meza ile. Kwenye kaunta aliviuza, vya kila rangi.

Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani najua. Nilidhani ni uzee.

Sasa niseme habari ya kundi. Kwenye simu yangu kuna kundi la wapenzi wa magemu, watu wa Dar wengi, na wengine Tanga, Arusha, Mwanza. Mwaka ule wa sita, mjadala uliowaka ulikuwa mmoja: magemu ya zamani ya vigae yafufuliwe au yaachwe yafe? Kuna watu walikuwa wameanza kutengeneza mapya kwa mtindo ule wa kale, na kundi likagawanyika. Sisi wa upande wa kufufua tulisema gemu linalokungoja linakupa nafasi ya kufikiri. Upande wa pili walisema tunajivunia shida. Msemaji wao alikuwa jamaa mmoja wa Kinondoni anayejiita Chuma, na ulimi wake ulikuwa wa chuma kweli.

"Oya nyie wazee wa vigae," aliandika, "mnapiga kelele za ramani ya mkono, ramani ya mkono. Nitajieni mtu mmoja Bongo hii aliyewahi kukaa na penseli akachora. Mmoja tu. Hayupo. Mmesoma mtandaoni mnakuja kututishia."

Nikaandika: "Mimi namjua. Ni bibi mtu mzima, yuko Bagamoyo, amechora ghorofa tisa."

"Bibi!" Chuma akajibu. "Huyu katoa bibi sasa. Acha kamba, mwanangu. Tupia picha."

Wengine wakadandia. Tupia picha, tupia picha. Nikaahidi Jumapili.

Nilipomweleza Bi Karani juu ya mjadala, aliinua uso. "Yafufuliwe? Kwani nani kayaua?"

"Watu hawachezi tena, Bi Karani."

"Mimi je?"

Nikamwomba daftari. Alilifunika kwa mkono. Halikuwa limewahi kutoka dukani. Alikuwa ghorofa ya tisa wakati ule, na siku hizo alicheza kwa haraka isiyokuwa kawaida yake, anafungua duka mapema, uso umekaribia kioo hata nikawa namtania kwamba shetani atambusu. Sikujiuliza haraka ile ilitoka wapi.

"Wanataka kuliona la nini?"

"Hawaamini kwamba upo."

Hilo lilimchekesha. "Ijumaa uchukue, Jumatatu asubuhi liwe hapa. Halina nakala, Mtaalamu. Nina mashine ya kopi hapa miaka yote na sijalitolea kopi. Sijui kwa nini."

Jumamosi mchana nilikaa barazani kwetu Zinga, nikalifungua mbele ya simu. Nikapiga picha ukurasa wa kwanza. Nikautazama kwa macho ya Chuma. Niliona uchafu. Niliona bibi anayetetemeka mkono, kuta zilizokatwakatwa, madoa kila mahali, nikamsikia Chuma akicheka: hiki ndicho mnachotaka tukifufue? Nakiri nilimwonea aibu. Mtu ambaye heshima yake yote mbele yangu ilikuwa usafi wa karatasi, nilimwonea aibu kwa sababu ya karatasi.

Nikaingia ndani nikachukua kifutio na rula.

Nilijiambia ni ukurasa mmoja. Kuta zilizokatwa nikazifuta, zile nilizoona ndizo za mwisho nikazipitishia kalamu ya wino. Nukta nikazifuta zote. Ukurasa ulitakata, ukapendeza, nikasikia ile raha ninayoisikia kila kitu kinapokaa sawa, raha ambayo nimeitafuta maisha yangu yote na ambayo siku ile ilinilevya. Nikaenda wa pili. Kufika alasiri nilikuwa nimemaliza daftari zima, ghorofa zote tisa, na mamangu alikuwa amepita mara mbili akiniuliza kama sitakula.

Picha zilipokelewa kwa shangwe. "Heshima kwa bibi!" "Huyu apewe nishani!" Niliandika maelezo marefu juu ya ufundi wake wa kuchora, mambo niliyoyatunga papo hapo. Chuma peke yake ndiye aliyeandika mstari mmoja: "Hii haijachorwa na mtu anayecheza. Ni safi mno. Umeichora wewe leo." Wenzangu walimshambulia kwamba ana wivu. Nami nilimshambulia pamoja nao.

Jumatatu asubuhi nilimpa daftari nikiwa na tabasamu. Nilikuwa nangoja sifa.

Alilifungua mwisho kwanza, ghorofa ya tisa. Akaliinua karibu na uso. Akapitisha kidole juu ya karatasi polepole, kama anayetafuta mwiba ulioingia kwenye kitambaa. Akafungua ya nane. Akafungua ya saba.

"Nukta ziko wapi?"

Hakupaza sauti. "Nukta gani, Bi Karani?"

"Nilipotia nukta nimekanyaga mwenyewe. Pasipo na nukta nimedhani tu." Akainua macho. "Kuta nilizokata ni za uongo, unaona ukuta kumbe unapita. Sasa hapa naona vyote sawa. Ziko wapi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana kabisa, mtu angeweza kupitisha punda na mzigo wake. Ningesema nilifuta, sikujua, nisamehe. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sijazigusa. Labda penseli imefifia yenyewe. Ni ya siku nyingi."

Nilisema hivyo kwa mwanamke aliyekaa na karatasi maisha yake yote. Kwenye mshono wa daftari, katikati pale kurasa zinapokutana, mabaki ya kifutio yalikuwa bado yamo, vijinyuzi vya waridi. Aliviona. Nilimwona akiviona. Alivikusanya kwa ncha ya kidole, akavitia kwenye kisahani cha pini.

"Labda," akasema.

Akalifunga daftari akaliweka kwenye droo. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilikwenda dukani mara mbili nyingine baada ya siku ile, kisha nikaacha. Hakunishutumu hata kwa jicho. Ndicho nilichoshindwa kukivumilia. Nikikumbuka ile "labda" niko njiani, nilikuwa nasimama na kufumba macho, watu wanadhani naumwa. Kwenye kundi niliendelea kuwa yule mwenye bibi. Mtu mgeni akiingia alielekezwa kwenye zile picha, naye alinisifu, nami nilishukuru.

Ilipita karibu miezi minane. Siku moja nilikuwa na shida mjini, nikajikaza nikapita mtaa ule. Mlango wa steshenari ulikuwa wazi, ndani panauzwa mikoba na viatu vya kike. Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyeniambia.

"Bi Karani kahamia Mapinga kwa bintiye. Macho. Presha ya macho, wamesema haitibiki, inazuiwa tu isizidi, na yake ilishazidi. We si ulikuwa mtu wake? Hujui?"

Nilimjibu kwamba nilisafiri. Uongo mwingine, mdogo, wa kujaza kibaba.

Ilinichukua wiki tatu zaidi. Nilikuwa naandika nitakachosema, nafuta, naandika. Mwisho nilikwenda bila karatasi. Nyumba ya binti yake iko ndani kidogo kutoka barabara ya lami, kwenye viwanja vile vipya ambavyo kila mtu amejenga na ukuta bado. Binti alinifungulia, mama wa makamo, mikono ina unga.

"Wewe ndiye Mtaalamu?"

"Ndiyo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Alikuwa akikuulizia mwanzoni." Akashusha sauti. "Ungekuja mapema. Alijua macho yanakwenda, daktari alishamwambia. Alikuwa anakimbizana na lile gemu lake alimalize wakati bado anaona. Alibakiza kidogo tu, sijui likamshinda nini."

Niliinama pale uani kuvua viatu, nikakawia hapo hapo. Dada alidhani sijasikia, akanionyesha chumba.

Bi Karani alikuwa amekaa juu ya mkeka, kanga kichwani, uso ameuelekeza dirishani kwenye mwanga. Ile kompyuta ya kichogo ilikuwa kwenye meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilimwamkia. Alinitambua kwa sauti.

"Mtaalamu. Mlango umefika wapi?"

Nilipiga magoti nikasema, "Bi Karani, nukta nilizifuta mimi. Zote. Na kuta. Nilidhani ni uchafu. Halafu nikakudanganya."

"Najua."

"Naomba radhi."

Nje dada alikuwa anasukuma chapati, kibao kinagonga. "Walikufa," akasema. "Wote wanne, ghorofa ya nane, hakubaki hata mmoja wa kuwapandisha wenzake wafufuliwe. Nilikuwa nawarudisha mjini wapumzike. Nikawapeleka mahali nilipodhani nimeshapita, kumbe sikuwahi. Shimo. Na yule Mhudumu hakuwahi kufa hata siku moja, miaka yote ile." Akakunja pindo la kanga. "Nilijaribu kuanza upya. Macho hayakunisubiri."

Nikasema naweza kucheza mimi kwa niaba yake, nifike ya kumi, nije nimweleze ilivyo. Nilikuwa nalia.

"Ukifika wewe utakuwa umefika wewe." Kisha akaniuliza, "Wale wenzio wa kwenye simu, uliwaambia nini?"

"Kwamba ni kazi yako. Kwamba uliichora hivyo."

"Na mpaka leo wanajua hivyo?"

"Ndiyo."

"Toa simu. Andika."

Nilikaa kwenye mkeka kama mtu anayefanyiwa mtihani. Niliandika, nikamsomea: ndugu, zile ramani nilizotuma nilizirekebisha kidogo ili zisomeke.

"Nilikwambia hazisomeki?"

"Hapana."

"Andika tena."

Nikaandika kwamba nilifuta alama zake kwa kifutio kwa sababu niliogopa mtachekelea, na alama zile ndizo zilizokuwa ramani yenyewe. Nikamsomea. 

"Hapo umewaambia ya daftari. Na mimi je? Nilikuuliza swali ukanijibu. Ulinijibu nini?"

"Kwamba penseli imefifia."

"Litie."

Nikalitia. Nikaeleza na yaliyofuata, kwamba alipotea kwa ajili ya ramani ile, na kwamba sasa haoni. Nikaandika kwamba Chuma ndiye aliyesema kweli na mimi nikamtukana. Nilipomsomea mara ya tatu, mstari kwa mstari, aliusikiliza kama alivyokuwa akisikiliza barua za wakubwa wake, kichwa kimeinama upande mmoja. Niliona pana neno limejirudia katikati. Nikamwambia nataka kulirekebisha.

"Liache. Tuma."

Nilituma. Wenzangu wa kundi wakaanza kujibu. Mmoja aliandika neno moja la matusi. Mwingine akatoka kwenye kundi. Bi Karani alitaka nimsomee yote, na lile la matusi pia, nikamsomea. Kisha Chuma akaandika: "Kwa hiyo bibi yupo kweli." Na chini yake: "Mpe shikamoo yangu. Muulize alifika wapi."

"Marahaba," Bi Karani akasema, kana kwamba Chuma amesimama mlangoni. "Mwambie nilifika ya tisa. Na mwambie yeye ni mkorofi lakini ana macho."

Nikaandika hivyo. Dada aliingia na chapati na chai ya tangawizi, akaniona nilivyo, akazitua akatoka bila kuuliza. Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, labda mkono kichwani, labda lile neno ambalo mtu akishaungama hulitarajia. Chai ilipoa. Mwisho nililiuliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Bi Karani, umenisamehe?"

Aligeuza uso kutoka dirishani akauelekeza niliko, akakosea kidogo, akautua begani mwangu.

"Leo bado, mwanangu. Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya. Njoo Jumamosi."

Nimekwenda Jumamosi nne sasa. Tunaifunua kompyuta, mimi namsomea kioo, kigae kwa kigae, yeye anaamua tunakanyaga wapi. Nisipoona vizuri namwambia sioni vizuri. Hajasema, nami sijauliza tena. Tuko ghorofa ya kwanza.